Jumamosi Wifi Alipohamisha Nyumbani

Wifi yangu hashoni kitu bila kukipiga bandi kwanza. Bandi ni ule mshono wa muda, mrefu na uliolegea, unaoshikilia vipande vya nguo mpaka fundi aridhike. Akisharidhika anashona mshono wa kweli, kisha anaufumua ule wa muda na kuutupa. Mafundi wengi siku hizi wanabana pini mbili na kukanyaga mashine. Yeye haambiliki. Anapiga bandi hata vitu visivyo nguo. Picha ya ukutani ataibandika kwa utepe wa gundi wiki nzima, awe anapita akiitazama kwa jicho moja, ndipo aite mtu wa kutoboa ukuta. Kaka yangu alimchumbia miaka miwili akijibiwa "bado natazama", na mimi humtania kaka kwamba hadi leo ana nyuzi mgongoni ambazo hazijafumuliwa.

Ndiyo maana tunamwita Wifi Bandi. Na nikisema wifi naomba tuelewane mapema, kwa sababu siku hizi ukilitamka neno hilo mbele ya watu, mmoja lazima aulize nenosiri. Wangu ni mke wa kaka yangu, ana miguu miwili na mdomo mmoja unaotosha watu wawili, na tangu nimjue hajawahi kukatika.

Kazi yake ni tarizi. Sebule ya mbele ya nyumba ya mama yetu imegeuzwa karakana: mashine ya tarizi ya sindano sita imekaa mahali yalipokuwa makochi, rafu za nyuzi zimefika dari, na kwenye meza ya dirishani ipo kompyuta. Kompyuta ndiyo bongo. Mchoro unatengenezwa humo, ua au nembo au jina la mtu, kisha unapelekwa kwenye mashine, na mashine inajua sindano itue wapi na uzi gani ushike zamu. Wifi ana michoro ya miaka kumi na mmoja, zaidi ya elfu tatu. Yumo hata jogoo mmoja aliyemhangaikia miezi miwili, mwenye rangi kumi na saba mkiani, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumwagiza. Ukimuuliza jogoo wa nini, anakujibu kwamba jogoo ni wake na hakuna aliyeomba maoni.

Kompyuta yenyewe haitumii ule mfumo unaotumiwa na kila mtu. Inatumia Linux, kwa sababu fundi kompyuta aliyeiunda alimhakikishia kwamba haina malipo wala haiugui ovyo. Kisha fundi akahamia mji mwingine, akamwachia wifi namba ya simu na bunda la karatasi alizomchapishia. Mtu mwingine angelia. Wifi alizisoma karatasi zile jikoni, kwenye foleni ya daktari, kitandani huku kaka akilalamika taa imewaka, na kila folda ya mfumo akaipa jina la Kiswahili ili isimtishe. Iliyoandikwa etc akaiita Nakadhalika, na hapo hakukosea hata kidogo. Iliyoandikwa bin akaiita Pipa. Na ile kubwa kuliko zote, inayotunza vitu vya mwenye mashine, michoro na barua na picha, jina lake la Kizungu maana yake ni nyumbani, basi na yeye akaiita Nyumbani. Akiwa kazini utamsikia, "Hiyo nimeiweka Nyumbani," au "Ngoja niitafute Nyumbani," na sisi wengine tulizoea.

Mama hakuzoea. Mama yetu alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini. Amestaafu, ila bweni halijamtoka: mpaka leo akipita karibu na kitanda lazima avute shuka pembeni. Kusifu hajui. Kitu kikiwa kizuri anakipita kimya, kikiwa kibaya ndipo unamsikia. Wifi ameishi naye chini ya paa moja miaka tisa, tangu aolewe, na katika miaka yote hiyo sifa aliyovuna ni moja tu: "Leo ile mashine yako imepiga kelele kidogo." Mjukuu, tunayemwita Kitufe, anabembelezwa mpaka anachoka. Mama Kitufe anaambiwa aokote uzi ulioanguka sakafuni.

Siku moja tulikuwa tunaanua nguo, mimi na wifi, akaniuliza bila utani, "Wifi, niambie ukweli. Mama ananitaka humu ndani, au ananivumilia tu?"

"Anakupenda," nikamjibu haraka haraka.

"Hujibu kama mtu anayejua." Akakunja shuka, akalikunja tena. "Mimi nimeshaanza kuulizia vyumba vya kupanga. Sitaki kuzeekea ugenini. Akinionyesha siku moja tu, hata kwa bahati mbaya, nabaki. Asiponionyesha, naondoka zangu kwa heshima."

Sikumwambia mtu. Kazi yangu mimi ni kupima macho kwenye duka la miwani. Siku nzima nawauliza watu wanaona nini, na hapo nilijitia sijaona kitu. Lakini moyoni niliogopa sana. Nina wifi mmoja tu, na nyumba ya mama bila yeye ingerudi kuwa bweni.

Basi, ikafika Jumatano. Wifi alikuwa na beji arobaini na mbili za chuo cha wauguzi, zinatakiwa Jumatatu kwenye mahafali, na alikuwa ameshatarizi kumi na moja. Ghafla kompyuta ikagoma kuhifadhi: nafasi imekwisha. Akaizima, akaiwasha. Sasa ikawa hata kufunguka haifunguki, inamfikisha mlangoni na kumrudisha. Akashika karatasi zake, na baada ya saa tatu za kunung'unika akalipata tatizo. Fundi alipoigawa diski, aliweka mfumo wote pamoja na Nyumbani kwenye sehemu moja ndogo, na diski iliyobaki akaiacha haijaguswa. Michoro ikaongezeka, Nyumbani kukavimba, mfumo ukakosa pa kuhemea. Dawa yake ni kwenda kule kwenye nafasi tupu, kuitengenezea Nyumbani sehemu yake peke yake, na kuihamishia huko. Tatizo ni kwamba ukikosea, umekwisha. Nakala za akiba alikuwa nazo za robo tu ya michoro, maana hapo fundi wetu wa kupiga bandi alikuwa amelala usingizi wa pono. Miaka kumi na mmoja ilikuwa inaning'inia kwenye uzi mmoja.

Akampigia simu fundi kompyuta kuomba ushauri. Alisimama ukumbini, ambako ndiko simu inashika vizuri, na mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alichosikia mama najua neno kwa neno, kwa sababu nusu saa baadaye alinipigia akanisimulia, akiiga hadi sauti.

"Anasema, 'Hapa pamejaa, hapahemeki.' Anasema, 'Nyumbani ndiko kunakobana kila kitu.' Anasema, 'Nimeshapata sehemu, kubwa mara nne ya hii, tupu, haijawahi kukaliwa.' Unanisikia?"

"Nakusikia mama."

"Anasema, 'Jumamosi asubuhi nahamisha Nyumbani, sibakizi hata uzi. Na hii ya zamani nikishahakikisha, naifuta.' Anaifuta! Nyumba aliyoijenga baba yenu, anaifuta!"

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa pale dukani. Kwa hiyo chumba kilikuwa kimepatikana. Na si chumba, ni sehemu nzima, kubwa mara nne.

"Umemuuliza lakini?" nikasema.

"Tangu lini mimi namuuliza mtu mzima anakwenda wapi?" akasema mama, yeye ambaye kwa miaka thelathini hakuna msichana aliyekwenda hata kisimani bila kuulizwa. Kisha akaongeza, "Mwambie mjomba wako aje Jumamosi na pikapu. Aje mapema, apitie mlango wa nyuma. Mzigo ni mwingi."

Mama alikata simu bila kuaga. Nilielewa kwamba amekubali, na kwamba anataka waondoke wakiwa wamesaidiwa, asije mtu akasema wamefukuzwa. Nikawakasirikia wote kwa zamu: mama kwa kiburi chake, wifi kwa usiri wake, na kaka yangu, fundi bomba wa watu, kwa kukaa kimya kama bomba lililoziba. Nikamwandikia ujumbe: "Kumbe Jumamosi mnahamisha nyumbani, na dada yenu hata kuambiwa?" Akajibu: "Si mimi, ni wifi yako kalishikia bango. Mimi nimeambiwa nikae mbali nisiguse kitu. Tumwombee." Niliusoma ujumbe ule mara nne na kila nikiusoma naona mwanamume aliyeshindwa nyumbani kwake.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni, mdomo nimeuvuta hadi kidevuni. Kaka alikuwa ameondoka kwenda kazini kama alivyoagizwa, na Kitufe alikuwa kwa jirani anasukwa nywele. Nyuma ya nyumba nilisikia vishindo vya mjomba akipakia na kujisemesha. Mama sikumwona. Nikajua kajificha mahali analia, maana yeye hulia kwa kujificha kama wengine wanavyovuta sigara.

Wifi alikuwa karakana, amejifungia tangu alfajiri, redio ameiwasha ili asisikie kelele za nje. Kitambaa kichwani, kalamu nyuma ya sikio, karatasi zimetandazwa mpaka juu ya mashine ya tarizi. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na majina ya michoro yalikuwa yanapanda juu mstari kwa mstari kwa herufi nyeupe.

"Karibu wifi, ila usitembee kwa nguvu," alisema bila kugeuka. "Ndiyo nahamisha hivi."

"Naona. Nilitarajia ningeambiwa."

"Ningekuambia ungesaidia nini?"

Lilinichoma hilo. "Ningelia," nikasema.

"Wewe naye! Kazi ya saa mbili tu unataka kuililia. Tena sasa hivi nimeingia kama mkuu wa mashine, maana huwezi kuhamisha nyumbani huku mwenyewe umelala ndani."

Sikumwelewa, lakini nilikuwa na hasira mno kuuliza. "Na mama?"

"Mama sijamwambia. Ataanza kusema namletea mambo magumu. Akiona limekwisha salama, yatosha."

"Una roho ngumu, wifi."

"Ngumu iko wapi? Tazama." Akaitoa kalamu nyuma ya sikio, akanionyesha, na kweli alikuwa ameitafuna mpaka imepasuka. Nikajua hata yeye kuondoka kunamuuma. Hasira ikanipungua kidogo, nikakaa kwenye boksi la nyuzi kumsubiri amalize anachokiandika.

Hapo ndipo mjomba akaingia, kamba begani. Mjomba ni mdogo wake mama, ambaye maisha yake yote amesafirisha mizigo, na kwake kitu chochote kilichotulia ni kitu kinachosubiri kubebwa.

"Shikamoo mjomba," wifi akasema.

"Marahaba, mama. Hongera kwa sehemu mpya."

Wifi aligeuka kwa mara ya kwanza, uso umechanua. "Asante mjomba! Na wewe umesikia?"

"Nani hajasikia? Kubwa, naambiwa."

"Mara nne! Haina kitu ndani, nyeupe, inasubiri tu."

"Na hii ya zamani mnaiachaje?"

"Kwanza naibadilisha jina. Ile mpya ikinikubali, hii naifuta."

Mjomba alizitazama kuta. Kuta zile matofali yake aliyabeba yeye kwa mabega yake, enzi za ujana. "Unaifuta," akasema polepole.

"Moja kwa moja. Kuiacha ni kula nafasi bure."

Mjomba alinigeukia mimi, macho yamemtoka pima, akinitaka niseme neno. Mimi nikainua mabega. Akajikaza kisabuni, akasema, "Haya. Mimi ni mtu wa kubeba tu. Basi tuanze na hiki." Akainama chini ya meza, akaushika waya, na kabla sijajua anachofanya akauchomoa ukutani.

Kioo kikazimika.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa wifi yangu, hata siku ya kumzaa Kitufe, na siku hiyo nilikuwepo. "Mjombaaa! Nyumbani!"

"Ndiyo nyumbani," mjomba akasema, waya mkononi, "si tunakwenda huko huko? Mbona unapiga kelele kama umeng'atwa?"

"Umekata Nyumbani katikati! Nusu iko huku, nusu iko kule!"

"Hakuna kilichobaki nusu. Mzigo wa kwanza nimeshaufunga kamba mwenyewe."

"Mzigo gani?"

"Wa kuhama!"

"Nani anahama?"

"Wewe!"

Redio ilikuwa inatangaza hali ya hewa. Wifi alimtazama mjomba, akanitazama mimi, akaitazama kamba. Kisha akauliza taratibu, swali moja moja kama daktari, nani kasema nini na lini. Nikamweleza simu ya mama. Nilipofika kwenye "hapahemeki" midomo ilianza kumcheza. Nilipofika kwenye "haijawahi kukaliwa" alishika meza. Nikamwonyesha ujumbe wa kaka, ule wa "tumwombee", na hapo wifi alikwenda chini. Nasema alikwenda chini, sakafuni, kati ya mabaki ya nyuzi, anacheka na kupiga ngumi boksi. "Folda!" ndilo neno pekee lililokuwa linamtoka. "Ni folda! Nyumbani ni folda!"

Ilinichukua muda. Halafu ikaniingia yote kwa mpigo, na mbavu zikaniisha. Hatukuweza hata kumweleza mjomba. Kila tukianza, mmoja anasema "haijawahi kukaliwa" na tunaanguka upya. Mjomba alisimama ameshika waya wake, akisubiri wanawake wapate nafuu.

Halafu wifi aliinuka ghafla, akakaa. "Wifi," akasema, "jogoo wangu."

Kicheko kilitukauka. Miaka kumi na mmoja, na umeme umekatwa katikati ya safari. Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameelewa kiasi cha kujua amefanya kosa, aliurudisha waya ukutani kwa vidole viwili kama anayerudisha yai kwenye kiota, akarudi nyuma hadi ukutani na kuvua kofia.

Kompyuta iliwaka. Maandishi yalipita, yakasimama, yakapita tena. Mashine ilikuwa inajikagua. Wifi aliingia tena kama mkuu, akaandika amri moja fupi, akausogeza uso karibu na kioo hadi nikataka kumwambia aje dukani nimpime.

"Ipo," akasema.

"Nini ipo?"

"Ile ya zamani. Yote. Haijaguswa." Akaniangalia, macho yanamng'aa. "Sikuwa nahamisha, wifi. Karatasi zinaonyesha njia fupi, ya kuhamisha moja kwa moja, huku vinaondoka na kule vinaingia. Mimi nikasema hapana. Nilikuwa nanakili. Kilichokatika ni nakala tu."

"Umepiga bandi!" nikapiga kelele.

"Nimepiga bandi!"

Tukakumbatiana tukiruka ruka, mashine ya tarizi ikatikisika, bobini za nyuzi zikadondoka, na mjomba naye akawa anarukia pembeni bila kujua sababu, kofia mkononi. Wifi akarudia ile amri ya kunakili, na tamu zaidi ni kwamba haikuanza upya: ilitazama kilichokwisha kufika, ikakipita, ikaendelea pale mjomba alipoikata. Tulikaa watatu tukiyatazama majina yakipanda. Mjomba akawa anayasoma kwa sauti, nembo ya shule fulani, waridi kubwa, waridi dogo, kwa heshima zote kama anayetangaza wageni harusini.

Saa nne na nusu ikamaliza. Wifi akaibadilisha jina ile ya zamani, akaiita Nyumbani ya Jana. Akatengeneza Nyumbani mpya, tupu, na kuifungulia mlango kwenye ile sehemu kubwa. Kisha akaingia Nakadhalika, kwenye faili linalosomwa na mashine kila inapoamka ili ijue kila kitu kinakaa wapi, akaongeza mstari mmoja. Mstari huo aliusoma herufi kwa herufi mara tano, kidole kwenye karatasi, mimi nikimfuata kwa jicho, kwa sababu nukta moja ikikosewa mashine inaweza kuamka haijui kwake. Akazima. Akawasha.

Safari hii mlango ulifunguka. Rangi zikajaa kioo, akaingia kwa jina lake, akafungua Nyumbani, na wa kwanza kumfungua alikuwa jogoo. Jogoo akajaa kioo kizima na mkia wake wa rangi kumi na saba. Nafasi iliyobaki: tele. Wifi alipiga vigelegele hadi jirani akauliza dirishani kama kuna harusi. Akafungua beji ya wauguzi, akaituma kwenye mashine, sindano zikaanza kulia, na sijawahi kuipenda kelele ile kama siku hiyo.

"Sasa ile ya zamani unaifuta?" nikamuuliza.

"Thubutu! Itakaa wiki nzima. Mpaka niridhike."

Mjomba alikohoa. Alikuwa amerudi kusimama ukutani, anaizungusha kofia. "Samahani jamani," akasema. "Mimi furaha yenu nimeielewa. Lakini yule aliyeko kwenye gari nimwambieje?"

"Nani yuko kwenye gari?" tukasema pamoja.

Tulitoka kwa mlango wa nyuma. Pikapu ilikuwa imegeuzwa tayari kuondoka, mzigo umefunikwa turubai na kufungwa kamba sita. Na kwenye kiti cha mbele, mkanda umefungwa, alikuwa amekaa mama. Amevaa gauni lake la kutokea, mkoba juu ya magoti, funguo za chumba chake kidoleni. Alikuwa amekaa hapo tangu saa moja na nusu.

"Mmeshamaliza?" akasema, akitazama mbele. "Jua linapanda, na mimi sisafiri juani."

Wifi alizunguka nyuma ya gari, akainua pembe ya turubai. Nami nikachungulia begani mwake. Kulikuwa na kitanda kilichofunguliwa vipande, godoro, redio ya mama, kioo cha mama cha mezani kimezungushiwa blanketi, kiti chake cha kuegemea, na ndoo yake yenye viatu. Kitu cha wifi hakikuwamo hata kimoja.

Akarudi dirishani kwa mama. "Mama, hivi ni vyako."

"Ulitaka viwe vya nani? Vya kwako utafunga mwenyewe, mimi vitu vya fundi sigusi."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Sijui," mama akasema. "Sijaambiwa. Nimesikia tu sehemu ni kubwa mara nne." Akauweka mkoba sawa. "Mara nne ya hapa, Mama Kitufe. Mngekosa kona ya kuniweka?"

Yule mwenye mdomo wa kutosha watu wawili alifungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena. Mwishoni akasema, "Mama, hiyo sehemu imo ndani ya kompyuta."

Mama alilifikiria jambo hilo muda mrefu, bila kuharakishwa na mtu, kama alivyokuwa akizifikiria sababu za wasichana waliochelewa kurudi bwenini.

"Basi humo mimi sitaenea," akasema.

Wifi alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, akapiga magoti pale kwenye mlango wa gari na kuulaza uso wake juu ya mkoba wa mama. Mama hajui kukumbatia. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, vilevile alivyokuwa akiwapima homa wasichana wa bweni, na alipoona hana homa hakukitoa. Mjomba akaanza kufungua kamba.